Ngazi tatu za msaada kwa wanafunzi wanaobaki nyuma: kata ianzie wapi?

SWALI: Mimi ni Afisaelimu Kata katika halmashauri moja ya wilaya Kanda ya Ziwa, na kata yangu ina shule saba za msingi. Tumeagizwa kuandaa mpango wa mwaka wa kuwasaidia wanafunzi wanaobaki nyuma kitaaluma kwa mfumo wa ngazi tatu: ufundishaji wa darasa zima, vikundi vidogo, na msaada wa mtoto mmojammoja. Maelekezo tuliyopewa yanasema ngazi ya kwanza iwatosheleze asilimia 80 ya wanafunzi, ya pili iwachukue asilimia 15 na ya tatu asilimia 5. Walimu wangu ni wachache, na kwa matokeo ya mtihani wa ujirani mwema, ule unaofanywa kwa pamoja na shule jirani, zaidi ya nusu ya watoto wa Darasa la IV wangestahili kuingia ngazi ya pili. Tupangeje? Je, tuwapange watoto kwa matokeo ya mtihani huo? Na Darasa la VII, ambalo ndilo tunaloulizwa kila mwaka, liwekwe wapi?

JIBU: Ndugu Afisaelimu, nianze na zile asilimia, kwa sababu ndizo zitakazokupotezea muda mwingi usipoziweka mahali pake. Mgawanyo wa 80, 15 na 5 hautokani na hesabu ya watoto wa Tanzania. Ulienea Marekani, ambako wazo la ngazi tatu liliazimwa kutoka fani ya afya ya jamii: kinga kwa watu wote, msaada wa mapema kwa walio hatarini, na tiba kwa wachache waliokwisha kuathirika. Sheria ya huko inayohusu elimu ya watoto wenye ulemavu ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2004, iliziruhusu wilaya za elimu kumtambua mtoto mwenye ugumu mahususi wa kujifunza kwa kuangalia anavyoitikia msaada anaopewa, badala ya kusubiri mpaka pengo kati ya kipimo chake cha akili na alama zake za darasani liwe kubwa. Ikaziruhusu pia kutumia hadi asilimia 15 ya fedha za shirikisho zinazotolewa chini ya sheria hiyo kuwasaidia mapema watoto ambao bado hawajatambuliwa kuwa na mahitaji maalumu. Mpango wote huo umesimama juu ya dhana moja ambayo haionekani katika maelekezo uliyopewa, nayo ni kwamba ufundishaji wa kawaida wa darasani tayari unawafikisha watoto walio wengi pale wanapopaswa kufika. Pale ambapo dhana hiyo haina ukweli, asilimia hizo hazina kazi.

Na kwetu dhana hiyo haijawa kweli kwa muda mrefu. Upimaji wa stadi za awali za kusoma uliofanyika kitaifa mwaka 2013 ulionyesha kuwa ni takriban wanafunzi 8 tu kati ya 100 wa Darasa la II waliokuwa wakisoma kwa ufahamu wa kutosha kuendelea na darasa linalofuata. Ndiyo maana mtaala wa Darasa la I na la II ulibadilishwa mwaka 2015 ili ujikite katika Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Kabla mabadiliko hayo hayajatulia, ada na michango ya lazima vikafutwa kuanzia Januari 2016, na madarasa ya mwanzo yakapokea watoto ambao hakuna aliyekuwa amewaandalia viti wala walimu. Uwiano unaotakiwa katika shule za msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Wewe unajua vizuri kuliko mimi ni shule ngapi za kata yako zinaufikia. Mtoto aliyepita Darasa la I na la II katika chumba cha watoto 120 si mtoto aliyefundishwa akashindwa. Kwa sehemu kubwa ni mtoto ambaye bado hajafundishwa, na msaada wake unatofautiana sana na ule wa mtoto aliyefundishwa vizuri, wenzake wakaelewa, yeye akabaki.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: usiamue ni watoto wangapi wataingia ngazi ipi kabla hujajua wanachoweza kufanya, na ukikuta kwamba zaidi ya theluthi moja ya darasa hawafikii kiwango cha chini, usiite hilo tatizo la ngazi ya pili. Hilo ni tatizo la ngazi ya kwanza. Theluthi hiyo ni kipimo changu cha kazi, haikuandikwa katika waraka wowote, lakini sababu yake ni rahisi: hakuna shule ya walimu wanane inayoweza kuendesha vikundi vidogo kwa watoto mia moja na bado ikafundisha masomo mengine.

Mtihani wa ujirani mwema hautakusaidia katika kazi hii. Siupuuzi; una faida zake katika kulinganisha ufundishaji wa mada na kuwazoesha watoto mazingira ya mtihani. Lakini ni mtihani wa maandishi, hivyo unamtaka mtoto awe anasoma kabla hajaonyesha anachojua. Mtoto aliyepata alama 16 katika 50 kwa maswali ya kuchagua huenda anasoma polepole, huenda hasomi kabisa na amebahatisha, au huenda anasoma vizuri ila mada ya mtihani ilikuwa haijafundishwa shuleni kwake. Alama ni ileile, na watoto hao watatu wanahitaji vitu vitatu tofauti.

Unachohitaji ni upimaji wa mdomo, mwalimu na mtoto mmoja, dakika tano. Viwango vinavyotumiwa katika Kiswahili na Uwezo, upimaji wa wananchi wa stadi za watoto za kusoma na kuhesabu, vinatosha kabisa: silabi, maneno, aya, hadithi. Mtoto anapewa maneno kwanza. Akiyaweza anapelekwa kwenye aya kisha hadithi fupi ya kiwango cha Darasa la II, akishindwa anarudishwa kwenye silabi. Mwalimu anaandika kiwango cha juu alichokimudu, basi. Hakuna alama, hakuna wastani. Katika Hisabati fanya vivyo hivyo, kwa mfuatano wa kutambua namba, kujumlisha, kutoa kwa kuchukua, kuzidisha na kugawanya. Sitairefusha sehemu hiyo kwa kuwa utaratibu ni uleule, na kwa uzoefu wangu mtoto asiyesoma akishaanza kusoma, mafumbo ya Hisabati nayo huanza kumfungukia.

Wapimaji wako wanapaswa kuelekezwa mambo machache kabla hawajaanza. Watoto wetu wengi wamefundishwa kusoma kwa kuitikia kwa pamoja, kwa hiyo ukurasa wa kitabu cha darasani wanaujua kwa moyo. Mtoto atakusomea "Juma anacheza mpira" huku macho yake yako dirishani. Tumia maandishi ambayo hawajawahi kuyaona, na ukimshuku mtoto, mwombe asome mstari wa mwisho kwanza. Pili, silabi zisiishie kwenye ba, be, bi, bo, bu. Wapo watoto wengi wanaozimudu silabi za konsonanti moja na irabu moja lakini wakifika kwenye mbwa, ng'ombe, nywele au chakula wanasimama kabisa. Hao wako karibu sana na kusoma, kwa kuwa maandishi ya Kiswahili hufuata matamshi, na wiki chache za kufundishwa konsonanti hizo zilizoungana zinatosha kuwavusha. Mtu akiwachanganya na wasiojua hata ma na ta, anawarudisha nyuma bure. Tatu, katika eneo lako wapo watoto ambao lugha ya nyumbani haitofautishi l na r. Mtoto anayeliona neno kura na kulitamka kula, kisha akaeleza vizuri kwamba watu walikwenda kuchagua kiongozi, amesoma. Matamshi yake yafanyiwe kazi wakati mwingine, yasimshushe kiwango.

Tuchukue mfano wa shule moja ya kubuni, ili uone hesabu inavyokwenda. Darasa la IV lina wanafunzi 132. Kwa dakika tano kila mmoja, upimaji unahitaji dakika 660, yaani saa 11. Walimu wanne wakigawana, kila mmoja anatumia chini ya saa tatu, na kazi inakwisha kwa asubuhi mbili bila kusimamisha masomo. Tuseme matokeo yamekuwa hivi: 19 hawajui hata silabi, 38 wanamudu silabi, 31 wanasoma maneno, 24 wanasoma aya na 20 wanasoma hadithi. Walio chini ya aya ni 88, theluthi mbili ya darasa. Sasa litumie agizo la asilimia kama lilivyo: wanafunzi 7 wa ngazi ya tatu, 20 wa ngazi ya pili, jumla 27. Maana yake watoto 61 wasioweza kusoma aya moja wameandikwa rasmi katika mpango wa halmashauri kuwa ufundishaji wa kawaida unawatosha. Huo ndio ubaya wa kutanguliza asilimia. Fomu ikikulazimisha kujaza, jaza asilimia zilizotokana na upimaji wako mwenyewe, na uambatishe idadi ya watoto kwa kila kiwango katika kila shule. Afisa taaluma wa wilaya akiona 88 kati ya 132 ataelewa kwa nini hukufuata kigezo.

Katika shule kama hiyo ngazi ya kwanza ndiyo inayopaswa kubadilishwa, na njia iliyopimwa kuliko zote ni kuwapanga watoto kwa kiwango chao cha kusoma, badala ya darasa lao, kwa muda fulani wa kila siku. Kazi hii ilianzia India chini ya shirika la Pratham, na imefanyiwa utafiti mara nyingi, pamoja na pale iliposhindwa, jambo ambalo kwangu ndilo lenye mafunzo zaidi. Walimu wa serikali katika majimbo kama Bihar walipopewa mafunzo ya mbinu hii na vitabu vyake, kisha wakaachwa waitumie ndani ya ratiba ya kawaida, karibu hakuna kilichobadilika: waliipenda mbinu, lakini wakarudi kumaliza silabasi kama walivyozoea. Katika jimbo la Haryana ilitengwa saa maalumu kila siku, watoto wakapangwa upya kwa viwango, na waratibu wa serikali wanaosimamia kundi la shule jirani wakafundishwa mbinu hiyo, wakaifundisha wenyewe darasani kwa siku kadhaa, ndipo wakaanza kuzitembelea shule na kuwasaidia walimu. Hapo usomaji ulipanda. Na katika jimbo la Uttar Pradesh, ambako zilifanyika kambi fupi ndani ya shule zikiongozwa na wafanyakazi wa Pratham na watu wa kujitolea kwa jumla ya siku 50 hivi, karibu nusu ya watoto walifika kiwango cha kusoma aya au hadithi, wakati katika shule ambazo hazikuguswa walifika robo tu.

Utaona kwamba mratibu wa Haryana ni wewe. Mpango wako utafanikiwa au utakufa kwa mambo mawili: kama saa hiyo imo kwenye ratiba iliyobandikwa ukutani, na kama wewe mwenyewe unafika saa hiyo. Ukifika saa saba mchana kusaini kitabu cha wageni ofisini, hujausimamia.

Saa itoke wapi? Darasa la III hadi la V tayari yana vipindi vya Kiswahili vya dakika 40. Vikipangwa muda mmoja kwa madarasa yote matatu, unakuwa umepata sehemu kubwa ya saa. Dakika 20 zilizobaki, nasema hili kwa upole kwa kuwa najua walimu wakuu watalalamika, ziko kwenye usafi wa asubuhi na paredi, ambavyo katika shule nyingi huchukua muda mrefu kuliko ulioandikwa. Nisingeshauri uiweke saa hii baada ya masomo. Watoto wasiokula mchana hawajifunzi kitu saa tisa, na kama shule ina zamu mbili hata chumba hakipo.

Ndani ya saa hiyo, idadi ya watoto katika vikundi isilingane. Tuseme Darasa la III hadi la V kwa pamoja yana watoto 380 na walimu wanane wapo. Vikundi vinne vya chini, vya silabi na maneno, vipewe watoto 35 kila kimoja. Vikundi vinne vya juu, vinavyoweza kusoma peke yao na kuandika muhtasari, vibebe 60 kila kimoja. Walimu wenye uzoefu wa Darasa la I waende chini, siyo yule aliyeripoti juzi. Hili ndilo jambo ambalo walimu wakuu hulikwepa zaidi, kwa sababu mwalimu hodari ni fahari ya Darasa la VII, na kumpeleka kufundisha silabi kunaonekana kama kumshusha cheo. Litamkie wazi katika kikao cha kwanza, na ikiwezekana uchukue mwenyewe kikundi cha silabi siku utakayokuwapo.

Utaambiwa pia kwamba kuwatenga watoto kwa viwango kunawavunja moyo walio chini na kuwanyima mifano ya kuiga. Hofu hiyo si ya kijinga, lakini ushahidi wa jirani zetu haukuiunga mkono. Katika shule 121 za magharibi mwa Kenya, ambako Darasa la Kwanza liligawanywa kuwa mikondo miwili baada ya kuongezwa mwalimu, shule zilizogawa watoto kwa kiwango chao cha mwanzo zilipata matokeo mazuri kuliko zile zilizowagawa bila kuangalia kiwango, na faida iliwafikia wa mkondo wa chini sawa na wa juu, kwa kuwa mwalimu aliweza kufundisha pale watoto walipokuwa. Kinachovunja moyo ni kikundi kisichobadilika. Pima upya kila baada ya wiki nne, waliovuka wahame siku hiyohiyo, na majina ya vikundi yasiwe A, B na C wala "wasiojua kusoma". Nimeona shule inayotumia majina ya visiwa vya Ziwa Victoria, na watoto hawakuonyesha kujali kama wako Ukerewe au Ukara.

Baada ya wiki nane za utaratibu huo ndipo ngazi ya pili inapoanza kuwa na maana. Sasa unawatazama wale waliohudhuria, waliofundishwa kwa kiwango chao, na bado hawajapanda hata hatua moja. Katika shule yetu ya mfano huenda ni watoto 15 au 25, na hao wanaweza kukaa katika vikundi vya watoto wanane hadi 12, dakika 30, mara tatu au nne kwa wiki, juu ya saa ya kusoma wanayopata na wenzao. Neno muhimu ni "juu ya". Marekani ilifanyika tathmini kubwa ya mfumo huu, ikatolewa mwaka 2015, ikihusisha shule 146 katika majimbo 13. Watoto wa darasa la kwanza waliokuwa chini kidogo ya mstari wa kupewa msaada wa ngazi ya pili au ya tatu, wakapewa, walisoma vibaya zaidi baadaye kuliko wenzao waliokuwa juu kidogo ya mstari huo. Watafiti hawakudai kwamba msaada ni sumu. Lakini katika shule nyingi kati ya hizo, watoto walikuwa wakitolewa kwa ajili ya msaada katika muda uleule wa kipindi kikuu cha kusoma, kwa hiyo walibadilishiwa kitu kimoja kwa kingine badala ya kuongezewa. Na wengine yumkini hawakuhitaji msaada huo, ila alama ya jaribio moja iliwaangusha upande ule wa mstari. Kwa hiyo usimtoe mtoto kwenye Kiswahili wala Hisabati, na usimwingize ngazi ya pili kwa jaribio la siku moja. Michezo nayo iache. Mtoto asiyeng'ara darasani huwa anang'ara uwanjani, na ukimnyima hapo utampoteza kabisa. Masomo mengine yapeane zamu ya kutolewa, ili lisiumie somo moja muhula mzima.

Nani afundishe vikundi hivyo? Si lazima awe mwalimu aliyeajiriwa. Katika miji ya Mumbai na Vadodara, mwanzoni mwa miaka ya 2000, wasichana wa mitaa hiyohiyo waliomaliza sekondari walichukua watoto 15 hadi 20 waliobaki nyuma kwa saa mbili kwa siku, na watoto hao wakapanda, hasa walio dhaifu zaidi. Kwetu wapo walimu wahitimu wanaojitolea wakisubiri ajira, na wapo walimu wanafunzi wanaokuja kwa mazoezi ya kufundisha, ambao mara nyingi hupewa darasa zima la watoto 90 siku ya pili baada ya kufika. Wape kikundi cha watoto kumi, kadi za silabi na mwalimu mzoefu wa kuwaangalia. Jumuiya za kujifunza za walimu zilizoanzishwa chini ya MEWAKA, mpango wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, zitumike kwa jambo hilo: kikao kimoja cha wiki kizungumzie watoto watano kwa majina, badala ya mada ya jumla.

Jambo moja lisiingie katika mpango wako kwa mlango wowote: ngazi ya pili isilipiwe. Mwalimu anayelipwa na wazazi kwa masomo ya ziada ana sababu ya kutowafundisha watoto kikamilifu asubuhi, na mtoto aliye nyuma kuliko wote ndiye ambaye mzazi wake hawezi kulipa.

Ngazi ya tatu ni ya wachache, na hapo ndipo mnapaswa kuacha kuuliza "tumfundishe tena nini?" na kuuliza "ana nini?". Anza na rejista ya mahudhurio. Katika kata yenye mashamba na mialo ya uvuvi, baadhi ya watoto mnaodhani hawaelewi ni watoto wasiofika. Mtoto aliyekosa siku kumi kati ya 20 hahitaji mwalimu wa peke yake, anahitaji mwenyekiti wa kitongoji na Kamati ya Shule wafike nyumbani kwao. Kisha macho na masikio. Mwambie mwalimu amketishe mtoto nyuma, aandike ubaoni kwa ukubwa wa kawaida na kumtaka anakili. Kisha asimame nyuma yake, amwite jina kwa sauti ya chini. Hiyo si hospitali, lakini inatosha kujua nani apelekwe kituo cha afya wiki hiyo. Wengine watakuwa na ugumu wa kujifunza unaohitaji jicho la mtaalamu, na hao peleka taarifa zao kwa afisa wa elimu maalumu wa halmashauri, ukiambatisha ule ukurasa mmoja wa kumbukumbu: alianza kiwango gani, wiki ya nne, ya nane, ya 12, alihudhuria siku ngapi, alisaidiwa nini. Bila karatasi hiyo, atakachofanya ni kuanza upya kazi mliyokwisha kuifanya.

Kuhusu fedha nitasema kidogo. Gharama halisi ni manila, kalamu, nakala za hadithi fupi na mafuta ya pikipiki yako, na nyingi kati ya hizo zinabebeka na ruzuku ya uendeshaji. Kabla hujaomba zaidi, kumbuka utafiti wa KiuFunza uliofanyika hapa nchini katika shule 350 za wilaya kumi, mwaka 2013 na 2014: shule zilizopewa ruzuku peke yake hazikupandisha matokeo ya watoto, wakati zile ambazo ruzuku hiyo iliambatana na malipo kwa mwalimu kwa kila mtoto aliyefaulu zilipandisha. Sikushauri uanzishe bonasi, huna mamlaka hayo. Nasema tu kwamba fedha isiyofungwa kwenye saa fulani na kikundi fulani cha watoto huishia kwenye rangi ya ukuta.

Takwimu za viwango zibaki za kufundishia. Ukizipanga shule zako saba kwa nafasi na kuzisoma mbele ya Diwani, kuanzia muhula unaofuata utapokea namba nzuri zisizo na watoto nyuma yake. Tuliwahi kuliona hilo kitaifa: mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa ulipoanza kuzitangazia shule za msingi nafasi zao baada ya 2013, shule za chini ziliongeza ufaulu, lakini watafiti wakagundua kwamba idadi ya wanafunzi wao waliofika kufanya mtihani wa Darasa la VII nayo ilipungua.

Hilo linanileta kwenye swali lako la mwisho. Najua kwamba ukiitwa wilayani utaulizwa ufaulu wa Darasa la VII, na kwamba kila mwaka nguvu ya kata inakwenda kwenye kambi za kitaaluma za miezi ya mwisho. Kambi hizo huwasaidia walio karibu na mstari wa kufaulu. Mtoto asiyesoma aya hatoki humo akisoma. Sikuambii uzifute, ila usiziandike katika mpango huu kana kwamba ni ngazi ya pili, na usiruhusu zichukue walimu wa saa ya kusoma. Mtaala ulioanza kutumika mwaka 2024 unaifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita, kwa hiyo watoto waliomo katika mkondo huo wana mwaka mmoja pungufu wa kulipia walichokikosa chini, na Darasa la III ndilo la kuanza nalo. Wanafunzi wa Darasa la VI na la VII ambao upimaji utaonyesha hawasomi kabisa wapimwe faragha na wapangiwe kikundi chao wenyewe cha silabi na maneno, saa ileile ambayo wadogo wanasoma, katika chumba ambacho wadogo hawakioni. Wapewe maandishi ya umri wao, kama tangazo la kijiji, maelekezo ya dawa au taarifa ya mechi, maana kijana wa miaka 14 hatakubali kusoma habari za sungura na kobe. Na kabla hawajapangwa, Mwalimu Mkuu amwite mzazi wa kila mmoja wao na kumweleza mwenyewe, ana kwa ana, kwa nini mtoto wake atakuwa humo na atatoka lini.